Nywele Nilizojishonea

Mwaka niliougua ndio ule mwaka tuliokula wali mkavu. Mvua ilikataa, nazi zikaadimika, na mtaa wetu wa Langoni mzima wali ukapikwa kwa mafuta na chumvi, ukawa unatawanyika kwenye sinia kama mtama wa kuku. Ramadhani ile mihogo ya futari ilichemshwa kwa maji matupu. Samaki wa kupaka hakupakwa kitu. Mtu akikupikia tui, ulijua ana haja nawe. Anayeniuliza niliugua lini, namwambia mwaka wa wali mkavu, na kila mtu wa Lamu hunielewa.

Naandika kwa ajili ya mwanamke aliyekaa sasa hivi kwenye benchi ya hospitali, anapenyeza kidole chini ya mtandio kuona kama nywele bado zimo. Mambo ya daktari kamuulize daktari. Mimi nitakwambia ya kichwa.

Uvimbe niliukuta nikioga kwa ajili ya Ijumaa. Ulikuwa kama punje ya mbaazi, wala hauumi, na kwa kuwa hauumi niliuona mnafiki. Nikamwambia binti yangu Rukia. Rukia ana duka la nguo hapa hapa Langoni na husema na wateja kama anawasomesha. Hakulia. Alifunga duka, akanishika mkono, na mambo ya hospitali yakaanza, kwanza ya hapa, kisha ya Mombasa. Kaskazi ilikuwa bado yavuma. Ilipogeuka kusi nilikuwa na titi moja.

Wako wanaoona haya kulitaja. Mimi nilinyonyesha watoto sita kwa yale mawili, yote mawili yamefanya kazi yake, sioni haya kusema moja limekatwa. Kidonda kilipopona kilikuwa kama mshono wa gunia. Nilikitazama kwenye kioo, nikakizoea, nikavaa kanzu yangu.

Ndipo ikaja kemo, ile dawa ya kutundikwa inayoshuka tone kwa tone kwenye mshipa. Kila ikifika zamu yangu tulivuka kwenda bara, tukalala Mombasa kwa shemeji yangu, asubuhi tukaenda kungoja. Kungoja ndiko kulikonichosha kuliko dawa. Chumba kilikuwa na feni moja, nayo ilielekea ukutani. Benchi zimelainishwa na makalio yetu. Kila mmoja amekuja na chakula kwenye mfuko na hakuna anayeweza kukila. Watu hawatazamani usoni, wanatazamana viatu.

Hapo ndipo nilipomjua Mama Kadzo, Mgiriama wa upande wa Malindi, mama wa makamo, mdomo wake hauna kufuli. Siku ya kwanza alikaa karibu nami, akavua wigi lake kama mtu anayevua kofia, akaliweka mapajani na kulipapasa.

"Likiniwasha namweka hapa apumzike," akasema. "Ni kama paka."

Nikamwambia, "Mtoe nje basi akatafute panya."

Alicheka mpaka muuguzi akachungulia. Tokea siku hiyo tulitafutana. Yeye ndiye aliyenipa ukwaju na chumvi nimung'unye dawa ikishuka, kwa kuwa kila kitu kilikuwa na ladha ya shilingi mdomoni. Jaribu ukwaju. Wengine hutumia ndimu.

Sasa nywele. Sijisifu bure, waulize wa rika langu: nilikuwa na nywele. Zilikuwa zikinifika kiunoni nikiwa mwari, na hata utu uzima ulipozipunguza zilibaki nzito, nyekundu kwa hina, zikinukia udi. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akijua niko chumba gani kwa harufu yake. Baada ya dawa ya pili niliamka, nikainua kichwa, na nywele zikabaki kwenye mto. Sikuamini. Nikachukua chanuo. Lilikuja limejaa kama linalochambua sufi. Nikarudia, likaja limejaa. Nikaliweka chini nikamwita Rukia aje na wembe.

Alininyoa uani, chini yangu ametandaza kanga kuukuu. Na nyusi zikaenda, na kope zikaenda, nikawa na mato ya samaki, maana sisi Waamu macho twayaita mato, na kichwa kitwa. Kucha zikawa nyeusi kama nimezipaka piko. Kichwani kukawa na baridi, jambo ambalo hakuna aliyeniambia: kichwa kitupu huona baridi hata Lamu, hata mwezi wa joto. Nilikuwa nikilala na kofia ya marehemu mume wangu.

Ramadhani sikufunga. Hilo liliniuma kuliko wembe. Dada yangu Mwanahawa, ambaye ni mkubwa wangu na anakaa Chundwa, kisiwa cha Pate, alinipigia simu kila magharibi kuniuliza nimekula nini, na nikimwambia nimekula mchana alikuwa akinyamaza kidogo kabla ya kusema "haya". Ile "haya" yake ilinikosesha raha mwezi mzima. Baadaye alinambia alikuwa ananyamaza kwa sababu analia. Dadangu ni hivyo, mtu hamjui.

Dawa zikaisha. Mvua ya masika ikaja mwaka uliofuata, nazi nazo zikarudi pole pole, na kichwa changu kikaanza kuota. Zilikuja nyeupe pe, laini kama manyoya ya kifaranga. Nilikuwa nikizipapasa mchana kutwa kama mtu aliyeokota kitu. Lakini zikaota kisogoni na ubavuni tu. Utosini na mbele pakabaki wazi, panang'aa kama sahani iliyooshwa. Nikangoja. Kusi ikavuma, ikatulia, pakabaki vile vile. Muuguzi wa Mombasa alipapasa, akanambia wako watu ambao haziwarudii zote, na kwamba nishukuru. Nilishukuru. Huwezi kukaa kwenye benchi ile, ukaona nafasi za waliokuwa pembeni mwako zimekaliwa na wageni, usishukuru.

Lakini wakati ule ule mjukuu wangu Swabra, binti wa Rukia, akaposwa, na harusi ikawekwa baada ya Maulidi.

Hapa lazima nimweleze asiyekuwa wa kwetu. Nje huwa tumevaa mabuibui, kichwa changu hakimhusu mtu. Ningekaa hivyo mpaka kaburini na asingejua mtu. Lakini harusi ina siku ya kupamba. Siku hiyo bibi harusi anawekwa kitini, amepambwa, na wanawake wa mji wote wanakuja kumtazama. Hakuna mwanamume. Mabuibui yanavuliwa mlangoni, mitandio inavuliwa, kila mmoja yuko na nywele zake na dhahabu yake, na kila kichwa kina asumini. Mwanamke anayekaa na mtandio siku ya kupamba ni ama mjane aliye edani, ama mgonjwa, ama amekuja kuchungulia tu. Na bibi mzaa mama mahali pake ni mbele, kando ya kiti, ambapo kila anayemtazama bibi harusi atamwona na yeye. Mimi nimewachomeka asumini wasichana wa Langoni zaidi ya ninavyokumbuka. Sasa ni wangu mwenyewe, na sina hata pa kuchomeka ua.

Rukia alishapanga. Alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda changu, sauti yake ya dukani.

"Mama, wewe utakaa ghorofani na mtandio wako. Watakuja kukuamkia huko huko. Utapumzika."

"Nimechoka nini?"

"Joto jingi, watu wengi. Na watu wa upande wa bwana hawakujui. Sitaki wakutazame."

"Kitwa changu au mimi?"

Akatoka. Swabra, aliyekuwa mlangoni akisikia, akaja akalala mapajani mwangu kama alivyokuwa akifanya utotoni. "Bibi, usipokaa pale, mimi nitakaa na nani?" Basi. Hilo ndilo lililoniondoa kitandani. Nilitaka kukaa pale kichwa wazi, na kitu cha kushika asumini.

Rukia hakushindana. Alipokwenda Mombasa kununua vitambaa alirudi na kipande cha nywele kwenye boksi, cha kufunika utosi, cheusi ti, kinang'aa kama kiatu cha askari. Kilikuwa na vibanio chini yake vya kushika nywele za mtu mwenyewe. Nilikishukuru. Nilikishika, kikawa chepesi, hakina harufu ya kitu.

Sasa kwetu hakivaliwi kitu kipya kabla ya kupita juu ya chetezo. Nguo, kanga, nywele zenyewe baada ya kuoga, vyote hukaa kwenye moshi wa udi. Kwa hivyo nilipobaki peke yangu nikatia makaa, nikatia udi mzuri, ule wa harusi, nikakitandaza kile kipande juu ya kitunga cha kufukizia, nikafunika na kanga, nikaenda kuswali dhuhuri. Kwenye rakaa ya tatu nikasikia harufu ya beseni linaloungua. Nilipomaliza nikafunua kanga. Kilikuwa kimejikunja kikawa donge gumu, kama kumbi la nazi lililotoka motoni, na kimeganda kwenye kitunga.

Rukia akasimama juu yake mikono kiunoni. "Mama, hii ni plastiki."

"Basi mbona wakaiita nywele?"

"Imeandikwa kwenye boksi usiweke karibu na moto."

"Boksi silijui. Udi naujua."

Swabra alikwenda kucheka jikoni ili mamake asimwone. Lakini Rukia naye mdomo ulimcheza. Nakwambia hili wewe usiyelijua: kama chako ni cha plastiki, jifukize wewe kwanza, zima makaa, ndipo ukivae. Mimi chetezo changu kilinuka plastiki mpaka Idi.

Baada ya hapo Rukia akasema atatafuta nywele hasa, za mtu. Nikamwambia ngoja. Nilivaa buibui nikaenda kwa mwalimu wa mtaa wetu, nikamuuliza nyuma ya pazia dini yasemaje juu ya nywele za kuvaa. Alinipa maneno machache: nywele za mwanadamu mwenzangu, hapana, uzi wa hariri au wa sufu, unaojulikana kuwa ni uzi, hapana ubaya. Nililipenda jibu kwa kuwa lilikuwa fupi. Wewe kamuulize wako. Mimi nilitoka pale moyo umepoa, ijapokuwa sikujua uzi utakaaje kichwani.

Nilikuwa wakati ule namshonea bwana harusi kofia, zawadi yangu. Kushona kofia ndiyo kazi iliyonilisha tokea ujanani: vitambaa viwili vyeupe vya bafta vimeshikanishwa, unatoboa vitundu kwa sindano nene, kila kitundu unakizungushia uzi wa hariri mpaka ukingo wake ukae imara. Kofia nzuri ina vitundu vingi kama nyota, na kichwa kinapumua. Swabra alikuwa amekaa karibu nami ananikatia nyuzi, mawazo yake kwenye simu. Mkono wake ukawa unachezea ile kofia, anapitisha nyuzi za hariri kwenye vitundu na kuziacha zining'inie.

Rukia akamwona. "Wewe, utaharibu kofia ya mumeo. Atatoka harusini na ndevu kitwani."

Sote tukatazama. Nyuzi zilikuwa zinaning'inia kutoka kwenye ile bafta, nyeupe, laini, zinacheza na upepo wa dirishani. Nyeupe kama zangu.

Niliitoa kofia mkononi mwake, nikaiweka utosini mwangu, nyuzi zikanianguka usoni. Swabra akanyanyua simu akanipiga picha, akanionyesha. Nilikuwa nimefanana na mbuzi. Lakini mbuzi mwenye nywele.

Tulianza siku ile ile. Nilikata bafta ya umbo la utosi wangu, Swabra akinipimia kwa kanga yenye unyevu iliyobanwa kichwani. Nikatoboa vitundu vidogo kuliko vya kofia na vya kukaribiana, nikavizungushia, kisha kila kitundu kikafungwa kishada cha nyuzi. Macho yangu hayakuwa yale ya zamani na vidole vilikuwa na ganzi iliyoachwa na dawa. Sindano ilikuwa ikinitoka bila kujua. Rukia akaleta taa ya dukani. Baadaye akaleta sindano yake. Mwanangu huyu hajawahi kushika kofia maishani mwake, alikuwa akisema ni kazi ya kuumiza shingo, na sasa amekaa pembeni mwangu anafunga vishada, anakosea, anafungua, anafunga.

Siku moja tukiwa tumeinamia hivyo, kichwa changu wazi karibu na chake, akasema bila kunitazama, "Mama, unajua kwa nini sitaki watu wakuone bila nywele?"

"Waona haya."

"Sioni haya. Nikikuona hivyo nakuona kwenye kile kitanda cha hospitali, siku ulipokuwa hunijui. Naona kama bado tuko kule."

Nilikuwa siikumbuki siku hiyo, nilikuwa na homa. Nilikuwa nadhani ugonjwa ni wangu peke yangu. Nikamtia uzi kwenye sindano yake, maana alikuwa haoni tena kwa machozi, na tukaendelea.

Dada yangu Mwanahawa akaja kutoka Chundwa kusaidia harusi, na kifurushi cha hina ya mti wake mwenyewe, imetwangwa. Akakikuta kile kitu kwenye meza.

"Hini nini, mkia wa farasi?"

Tukamweleza. Akakaa. "Maimuna, Mungu amekupa uhai, nawe wataka nywele?"

"Uhai nimemshukuru, dada. Nywele najishonea mwenyewe, simsumbui mtu."

"Na umri huu?"

"Wewe una umri kunishinda na bado wapaka wanja."

Alinuna mpaka alasiri. Alasiri akauliza hina inaanza kukorogwa saa ngapi, kwa kuwa sisi hatujui kuikoroga.

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi ya kweli. Kufunika utosi si shida. Shida ni kufunika hata mtu asijue wapi nywele zako zinakwisha na wapi uzi unaanza. Rangi kwanza. Swabra alitia hina kwenye kishada cha uzi wa pamba kujaribu, kikatoka rangi ya chai ya maziwa. Hariri ikashika vizuri. Basi Mwanahawa akakoroga bakuli moja kubwa kwa maji ya ndimu na chai ya rangi, akanipaka mimi kichwani na akaupaka uzi, hina ile ile, mkono ule ule, tukafungwa sote wawili kwa majani ya mgomba, mimi na kile kishungi. Ndivyo nilivyokuja kukiita, kishungi. Tulifunguliwa na kuoshwa pamoja. Nywele zangu nyeupe zilikuwa zimetoka nyekundu ya kahawa, na za kishungi vile vile. Mwanahawa alizishika huku na huku dirishani, akatafuta tofauti kwa hamu ya mtu anayetaka kuipata, akakosa.

"Basi," akasema. "Nimenyamaza."

Lakini nilipokivaa mara ya kwanza kilikuwa na ukingo mbele, mstari mnyoofu kama wa kofia. Swabra akasema nimefanana na bwana harusi. Akatafuta kwenye simu wanawake wanaofundisha mambo hayo, tukawatazama sote wanne, vichwa vimegusana. Tukaufungua ule ukingo, tukatoa vishada vya mbele, tukaacha nyuzi moja moja zisizolingana, fupi na ndefu, kama nywele za mtoto zinavyoota kwenye kipaji. Tukapunguza wingi katikati, maana nilikuwa na kichwa cha mwari juu ya uso wa bibi. Kisha ikaja ile hila niliyoipenda: unachukua nywele zako mwenyewe za ubavuni, chache tu, unazipitisha juu ya ukingo na kuzisuka pamoja na uzi. Zako zinakuwa juu, uzi chini. Mtu anapotazama anaona zako.

Nilifanya mazoezi ya kukivaa nyumbani, kidogo kidogo. Kiliwasha. Nikakishonea bitana ya kitambaa cha kanga kilichofuliwa sana, kikaacha kuwasha. Usikivae kama ngozi bado ina uchungu, ngoja. Ukirudi ndani kivue, kipe kichwa upepo, kipake mafuta ya nazi. Na jirani yangu wa mlango wa pili alipokuja kurudisha sufuria na kunikuta sina mtandio, kishungi kichwani, alikaa, akanywa kahawa, akawasema watu wa mtaa wote mmoja mmoja, na akaondoka bila kunisema mimi. Nilijua kitu kimekubali. Nilimpigia simu Mama Kadzo kumwambia. Akanambia yeye nywele zimemrudia zote na amemchoma yule paka.

Siku ya kupamba ikafika. Swabra alikuwa kitini amefumba macho kama ilivyo desturi, uso umetulia, hina mpaka kwenye kiwiko. Nilimchomeka asumini mimi mwenyewe. Kisha Mwanahawa akanichomeka mimi, mshipi mzima wa asumini kuzunguka kishungi, na kila ua likashika. Nikavaa kanzu yangu ya rangi ya dhahabu, nikaketi mahali pangu, mbele, kando ya kiti.

Wanawake wakajaa. Watu wa upande wa bwana wakaja na wakakaa mkabala nasi, wakinitazama kama wanavyotazama mahari. Mkubwa wao alikuwa shangazi wa bwana harusi, Bi Shamsa, mwanamke mnene mwenye macho makali. Nilimtazama na mimi. Vugo, ngoma yetu ya harusi, likaanza kupigwa, pembe zikalia, vigelegele vikapanda, na mimi ambaye mwaka wa nyuma sikuweza kunyanyua birika, nikasimama nikacheza na wenzangu. Nilicheza mpaka jasho likanishuka mgongoni. Niliporudi kukaa nikahisi kibanio kimoja kati ya vile tulivyokishonea kimefyatuka, na kishungi chote, asumini na yote, kikaanza kutelemkia upande wa sikio.

Rukia alikiona kutoka upande wa pili. Alikuja kwa haraka, mtandio tayari mkononi, akainama kama ananinong'oneza jambo la chakula.

"Mama, kimelegea. Simama pole pole, twende ndani."

Nikamwambia, "Siondoki. Nimekuja kuonekana."

Bi Shamsa alikuwa anatazama. Alikuwa ameona, na walio karibu naye walikuwa wameona, na upande ule wote mazungumzo yalikuwa yameshuka. Akanyanyuka. Akavuka ukumbi na unene wake, akasimama mbele yangu, akanitazama utosini.

"Bi mkubwa," akasema, "nyele zako zaenda joshi, kama jahazi lililolalia upande."

"Upepo mwingi," nikasema. "Zirudishe basi, wewe waona kunishinda."

Akapiga magoti pale pale, na dhahabu zake zote. Aliingiza vidole chini ya kishungi, akagusa utosi wangu mtupu, na vidole vyake vikasimama. Tulitazamana. Kisha akakinyoosha, akakibana kwa nguvu, akarudisha ua moja lililoanguka, kisha akanigeuza kichwa, akaushika ukingo wake, anautazama huku na huku.

"Nani kakushonea hini?"

"Mimi. Na mwanangu huyu aliyesimama na mtandio."

"Vitundu vya kofia," akasema pole pole, akivipapasa. Kisha kwa sauti ya chini zaidi: "Dadangu yuko nyumbani tangu kusi. Hataki kutoka. Utanionyesha?"

Nikamwambia aje naye baada ya fungate. Akakaa hapo hapo sakafuni miguuni pangu, hakurudi upande wake, akaanza kupiga makofi kufuata vugo.

Rukia alikuwa bado amesimama. Mtandio ulikuwa umemlegea mkononi, macho yamejaa maji, na sijui kama alikuwa ananitazama mimi au kile kitanda.

"Haya Mama, washaona wote," akasema. "Sasa njoo ndani upumzike kidogo. Chakula kiko tayari, wali wa nazi."

Nilimvuta mkono akakaa kando yangu, nikamwambia, "Siondoki. Nimekuja kuonekana."